Tonge kwa Mkono wa Msufi

Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake, Fundi Cherehani hakunitazama usoni. Aliutazama mkono wangu wa kulia pale ulipoishia, juu kidogo ya kifundo, akasema, "Nani kakushona hivi? Mshona magunia?" Kisha akakivuta kile kigutu karibu na taa, akakibonyeza kwa gumba lake mpaka machozi yakanitoka, akaniuliza kama naumia. Nikamwambia naumia. "Vizuri," akasema, "nyama haijafa." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Mimi nina jina, naitwa Zuhura, na alilijua. Lakini tangu siku hiyo hadi ya mwisho tuliyoonana aliniita Kigutu, mbele ya watu na tukiwa wawili, kwa sauti ileile aliyomwitia paka wake.

Na yeye pia hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi Cherehani kwa sababu alitengeneza vyerehani, na mjini hakukuwa na mwingine wa kumfikia. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba kubwa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani. Ghorofani alikuwa akikaa Mzungu mmoja aliyeondoka kwa haraka wakati wa Mapinduzi akaacha masanduku yake. Fundi aliyapandia, akayapasua, akatoa kila chenye faida: kufuli, zipu, mikanda, vifungo. Hakuona haya. Alisema mwenye mali hatorudi, na akirudi atakuja na masanduku mengine.

Mkono wangu ulikwenda na mkanda wa mashine ya kukamulia mafuta ya nazi, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi hayo. Ulivyokwenda sielezi. Watu hudhani aliyekatika mkono anachokililia ni kazi. Kazi nilijifunza upya: kufua, kuchota maji, kusonga ugali, hata kumfunga mtoto wa dada yangu nepi kwa mkono mmoja na meno. Kilichonishinda ni sinia. Kwetu watu hula pamoja, mikono yote ya kulia ndani ya sinia moja, na wa kushoto una shughuli yake chooni ambayo hakuna asiyeijua. Nilipotoka hospitali, dada yangu alinipakulia kwenye kisahani changu, akakiweka pembeni ya mkeka. Hakuwa na ubaya, maskini. Lakini arusini nikawa napakuliwa kisahani, msibani kisahani, Idi kisahani, na wenzangu huku wanasukumana mabega na kumegeana nyama na kucheka na midomo imejaa. Nilikuwa bado kijana, mume ameshanipa talaka yangu kwa adabu kabisa, na kila siku nalishwa pembeni kama mwenye upele. Nilichokitaka kwa Fundi kilikuwa kimoja tu: mkono wa kulia utakaoweza kulifinyanga tonge la wali na kulifikisha mdomoni, nirudi kwenye sinia.

Nilipomwambia hivyo, aliweka tupa yake chini. "Mkono wa kubebea kikapu nakufanyia leo," akasema. "Kulabu tu, nenda zako. Lakini tonge." Akakigeuza tena kigutu changu. "Tonge ndiyo kazi." Nilimwona amefurahi, na furaha yake haikuwa kwa ajili yangu.

Ulimi wake ulikuwa mbaya, na mji mzima ulikuwa na alama zake. Mama mmoja alimletea cherehani akilalamika kwamba kinaruka mishono. Fundi akakijaribu, akamrudishia. "Hiki kizima. Kilichoharibika ni anayekikalia." Mwingine alimleta binti yake, mtoto mzuri wa watu, akauliza kama atafunzika kushona. Fundi alivishika vidole vya binti, akavigeuza, akavinyoosha kimoja kimoja, akasema, "Hapana." Basi. Binti alilia njia nzima mpaka Mlandege. Na kweli hakufunzika, kwa sababu hakuna aliyemjaribu tena. Neno la Fundi lilikuwa kama mizani ya sokoni, watu hawabishani nayo. Alijisifu kwa jambo moja tu, tena mara kwa mara: kwamba katika maisha yake hajapata kusema uongo. Aliyasema hayo kama mtu anayekuonya.

Huyohuyo, paka wake hakula samaki kabla hajatolewa miiba. Mchana Fundi alikaa kwenye kigoda akamchambulia samaki yule paka kwa subira ya mama mwenye mtoto wa kwanza, huku anamwambia ni mjinga na hana shukurani. Kisha ndipo alikula yeye, kilichobaki. Nilipata kumwambia, "Fundi, ungenifanyia mimi robo ya unayomfanyia paka." Akajibu, "Paka hajapata kuniuliza lini utamaliza."

Alikuwa na tabia nyingine iliyowaudhi watu. Ukimpa mkono hakuurudisha. Aliushika, akaugeuza, akaminya nyama ya chini ya gumba, akapinda kidole kimoja kuona vingine vinafanya nini. Wanaume walikuwa wanamkwepa wakitoka msikitini. Na kila palipokuwa na khitma ya marehemu au arusi alikwenda, alikoalikwa na asikoalikwa, akakaa upande wa wanaume kwenye sinia, na hakula. Aliangalia mikono ya watu. Siku moja aliniambia alichokiona, na mpaka leo sijaacha kukiona kila nikitazama watu wakila. "Tonge halishikwi," alisema. "Wapumbavu wote wanaotengeneza mikono wanatengeneza ya kushika. Vidole vinne vinakusanya, gumba halifanyi kitu. Mkono ukifika mdomoni ndio gumba linasukuma. Lisiposukuma, utautia mkono mzima kinywani kama mtoto." Sote tumewaona watu wakila maisha yetu yote, na yeye ndiye aliyeona.

Basi mkono ukawa hivi. Kiganja na vidole alivichonga kwa mti wa msufi, ambao ni mwepesi. Mifupa ilikuwa mbavu za mwavuli. Waya wa breki ya baiskeli ulitoka kwenye vidole, ukapita mkononi mpaka mkanda wa begani. Ukinyanyua bega, vidole vinakusanya. Springi za cherehani zilivirudisha. Na gumba alilifunga na kiwiko: nikikunja kiwiko kuleta mkono usoni, gumba linasukuma lenyewe, bila ya mimi kulifikiria. Hiyo peke yake ilimchukua miezi. Kila lilipoacha kusukuma alilivunja, akalichonga jingine, na kila alipolivunja alinitazama mimi kama mwenye kosa.

Alikuwa amewahi kuona picha ya mkono wa bandia wa Ulaya, na aliudharau. "Huo wa tajiri," alisema, "na wenyewe hawali wali." Alitaka mkono ambao ukivunjika Makunduchi, fundi baiskeli wa Makunduchi anaweza kuutengeneza akiwa amekaa chini. Alitaka utoke kwenye takataka. Na zaidi ya yote alitaka usikie. Ndani, pale kigutu changu kilipokaa, aliweka kifungo cha shati kwenye ncha ya kijiti chembamba kilichotoka moja kwa moja kwenye ncha za vidole. Vidole vikibana kitu kwa nguvu, kifungo kinanibonyeza kwa nguvu. Vikigusa kidogo, kinanigusa kidogo. "Mkono usiokwambia kitu," alisema, "ni mwiko wa kupakulia."

Kujifunza kuusikia ndiko kulikonitoa roho. Tulianza na mayai, na mayai mengi yaliishia kwenye sakafu yake, akanifanya niyafute. Siku moja akanifunga macho kwa kitambaa. "Leo ndimu," akasema. "Usiiangushe." Nikanyanyua bega. Nikasikia kifungo kinanigusa, nikaona bado, nikaongeza. Ikatoka sauti ambayo ndimu haina. Fundi hakuwa na haraka ya kunifungua macho. Aliponifungua nilikiona kifaranga kwenye kiganja cha msufi, shingo imelala.

"Umeua," akasema.

Nilimtukana matusi ambayo mwenyewe sikujua kama nayajua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akamtupia paka kile kifaranga, akasema, "Kesho mwengine."

Na kesho nilikwenda. Nilimchukia usiku kucha, na asubuhi nikafunga buibui nikaenda, kwa sababu hakuna mwengine Unguja nzima ambaye angenirudisha kwenye sinia, na yeye alijua hivyo. Akanifunga macho. Safari hii hakusema ni kitu gani. Nilinyanyua bega taratibu mpaka jasho likanitoka, kifungo kikanigusa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, nikasimama hapo. Na kupitia kile kijiti na kile kifungo nikasikia kitu kinatetemeka. Nilikuwa nimekishika kiumbe hai kwa mkono wangu wa kulia, na kilikuwa kinaniogopa. Nililia palepale na kitambaa machoni.

"Sasa una mkono," akasema Fundi. Katika miaka yote hilo ndilo neno jema nililolisikia kwake, na sijui hata kama alinikusudia mimi.

Ilibaki ngozi. Msufi mtupu ulinata wali, mpira ulikuwa na ladha. Alijaribu ngozi moja ikawa ngumu, nyingine ikateleza kwa samli. Kisha siku moja nikamkuta ameshauvika mkono mzima ngozi laini ajabu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, imeshonwa mishono midogo isiyoonekana, kama glavu. Sikuuliza ameipata wapi. Na yeye si mtu wa kusimulia. Aliniambia jambo moja tu wakati ananifunga mikanda: "Waya huu usiuchezee. Hamna mwengine." Ilikuwa kweli. Miaka hiyo vitu vya nje vilikuwa vimeanza kuadimika, waya wa breki ukawa kitu cha kupigia simu mtu wa bandarini. "Kuna watu wananingoja," akasema. "Nikipata waya mwengine nawafanyia. Nisipopata, shauri yao."

Nilirudi kwenye sinia siku ya Ijumaa, nyumbani kwa dada yangu. Dada aliweka sinia katikati, akasita na kile kisahani mkononi, akakirudisha kabatini. Nikakusanya wali, nikakunja kiwiko, gumba likasukuma. Shemeji yangu alijifanya anakohoa. Mtoto wa dada akasema, "Khala, mkono wako unalia kwi kwi," tukacheka wote mpaka punje zikatutoka puani. Mwaka mzima nilikula hivyo. Nilikula Ng'ambo, nilikula Malindi, nilikwenda mpaka Kizimkazi kwenye msiba wa watu nisiowajua sana, na nakiri nilikwenda kwa ajili ya sinia. Wanawake walikuwa wananitengea nafasi ili waone gumba.

Ikaja arusi ya binti wa shangazi yangu. Niliupamba mkono kwa furaha: niliupaka hina kwenye ncha za vidole, juu ya ngozi ileile, na ikakolea vizuri kuliko kwenye mkono wa kushoto. Tumekaa uani, wanawake watano kwenye sinia la biriani, shangazi anapita anatukaribisha, mara akaingia mke wa mshona viatu. Mumewe ndiye jirani wa Fundi, duka kwa duka. Akasimama mbele yetu na hakuvua hata buibui.

"Wacheni kula," akasema. "Zuhura, nakuuliza mbele ya wenzio. Hiyo ngozi ya mkononi umepata kuuliza ni ya mnyama gani?"

Nikasema sijapata kuuliza.

"Basi mie nnakwambia nilivyosikia, siongezi. Jana barazani Fundi mwenyewe kamuuliza mume wangu, watu wanasikia: glavu za Kizungu, zile laini kabisa, hushonwa kwa ngozi gani? Mume wangu kamwambia, zile laini kabisa ni za nguruwe. Fundi kanyamaza. Na masanduku ya Mzungu nani kayapasua?"

Mikono ikabaki ilipo, kisha ikatoka mmoja mmoja. Mmoja wetu alitema biriani kwenye upindo wa kanga yake. Hakuna aliyepiga kelele, na laiti wangepiga. Waliondoka kimya kimya wakaenda nyuma ya nyumba, wakachota udongo, wakaosha mikono yao mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa najisi ile. Masinia yakaoshwa vivyo hivyo. Biriani ikafukiwa. Shangazi alikaa kwenye kizingiti na mikono kichwani, na mimi nimesimama katikati ya uwa nimeunyanyua ule mkono mbali na mwili, ncha zake nyekundu za hina, sijui niupeleke wapi.

Mikanda ilikuwa na bizimu la chuma la kufungia nyuma ya bega, sifiki peke yangu. Nikawaomba wanifungue. Hakuna aliyekuja. Mwisho dada yangu alikata majani ya mgomba, akaviringisha mikono yake yote miwili, akanifungua hivyo, akilia, akinigeuzia uso pembeni asinipumulie. Mkono ukaanguka mchangani. Nikaubeba kwenye gunia.

Dukani nilimkuta Fundi anapiga tupa kitu, na mshona viatu amekaa barazani na watu wawili watatu, wote wamekuja kusikiliza.

"Fundi, kweli?"

"Kweli nini?"

"Ngozi. Ni ya nguruwe?"

Hakuacha kupiga tupa. "Wewe unasemaje?"

"Mie nnakuuliza wewe."

"Wewe ushauvua," akasema. "Uweke hapo."

Watu wa barazani wakatazamana. Mtu asiyesema uongo, ukimuuliza hivyo asikatae, amekwisha kubali. Nikauweka palepale alipoonyesha, juu ya meza, nikaenda zangu.

Sitaki kuonewa huruma kwa yaliyofuata, lakini lazima yasemwe. Zile nyumba nilizokula mwaka mzima ziliosha vyungu vyao upya, mpaka vya wageni. Watu walinihesabia sherehe nilizohudhuria. Kabla ya mkono nilikuwa mgonjwa wa kuhurumiwa; sasa nilikuwa najisi yenye miguu. Hata nilipokuwa na kisahani changu na mkono wangu wa kushoto, kisahani kile kilioshwa peke yake. Niliacha kwenda arusini. Nilipolala nilikisikia kile kifungo kikinigusa, na mkono wenyewe haupo.

Kilichonishangaza ni kwamba sikumlaani Fundi. Nilimwona mpumbavu tu, fundi aliyechukua ngozi bora aliyoiona bila ya kufikiria watu. Nilimtetea hata. Nilisema yule mtu anafikiri kwa vidole, hana kichwa. Nilikuwa namjua vibaya kuliko watu wote.

Ikapita miaka. Ilikuwa ile miaka ya foleni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mchele kwa zamu na zamu yenyewe haifiki, watu wanakula muhogo asubuhi na muhogo jioni. Nilikuwa Darajani, pale zinaposimama gari za shamba, nikamwona mwanamume amekaa juu ya gunia la chokaa anakula muhogo wa kuchemsha. Aliukusanya kwa vidole vinne. Akakunja kiwiko. Gumba likasukuma.

Nilisogea mpaka nikaona ncha za vidole. Ngozi ilikuwa imechakaa na kuingia chokaa, lakini hina yangu ilikuwapo, rangi ya kahawia, mpaka kwenye mshono.

Nikamtolea salamu, nikamuuliza mkono ule ameupata wapi.

"Kwa Fundi Cherehani, Mungu amuweke," akasema. Alikuwa mtu mchangamfu. "Mie mchimba mawe, Mangapwani. Baruti iliniwahi. Nna watoto wanne, bibie, na mama yao hayupo. Nlikwenda kwake nikamkuta hana waya. Kanambia wee nenda, rudi mwezi ukiandama, utapatikana. Nikarudi, uko tayari. Mdogo kidogo, wa kike kike huu," akacheka, akaugeuza, "lakini unashika patasi, na nyundo nnapiga kwa kushoto."

"Na ngozi hii ya mnyama gani?"

"Ya mbuzi."

"Una hakika?"

"Kaniapia, na mie sijamuuliza. Kasema, atakayekwambia vyengine mlete kwangu." Akanitazama vizuri. "Kwani vipi, bibie?"

Nikamwambia hakuna kitu, namwulizia ndugu yangu. Nilikuwa nimesimama karibu sana, ningeweza kuunyakua. Nilikitazama kiwiko chake, nikawaza ile patasi na wale watoto wanne, nikamchukia na yeye pia, kwa muda. Kisha nikaenda Mji Mkongwe kwa miguu, nikakosea vichochoro ambavyo nilivijua tangu utotoni.

Fundi alikuwa kwenye kigoda chake. Amezeeka ghafla, jicho moja limeingia weupe, mashavu yamebonyea kwa njaa ya mji mzima. Paka hakuwapo.

"Shikamoo."

"Marahaba, Kigutu," akasema kabla hajanitazama.

"Ngozi ya mkono wangu ilikuwa ya nini?"

"Ya mbuzi. Mbuzi wa akika, aliyechinjiwa mjukuu wa huyu jirani." Akaelekeza kidevu kwenye duka la mshona viatu. "Ngozi kanipa mwenyewe sadaka. Kasahau. Nikaikanda mie kwa mikono yangu mwezi mzima."

Nilikaa chini. "Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Watu wakanawa udongo. Dada yangu kanifungua kwa majani ya mgomba."

"Nilisikia."

"Nimeuona mkono kwa yule mchimba mawe. Kwa nini hukuniomba?"

"Ningekuomba ungenipa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nililifungua domo langu kusema ndiyo. "Nisingekupa," nikasema.

"Basi." Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Waya ulikuwa mmoja. Yule katupwa kwangu na watoto wake wamemshika shati. Wewe ulitaka kula na watu. Yeye alitaka kula."

"Ungeuchukua mkono ukaniachia heshima yangu."

"Ungekuja kuudai kila siku, na kigutu chako, na machozi yako. Mtu hadai kilichomtia kinyaa. Nikatafuta cha kukutia kinyaa." Aliyasema hayo kwa sauti aliyoniambia habari za gumba, fundi anayeeleza kazi yake. "Na sikusema uongo, Kigutu. Niliuliza swali. Waliojibu ni wao."

Tulikaa. Nje adhana ya adhuhuri ikapita, watu wakarudi kutoka msikitini. Mwanamke wa nyumba ya pili akabisha, akasukuma sinia dogo mlangoni. "Fundi, leo tumepata kidogo," akasema, akaondoka. Ilikuwa wali. Wali wa nazi, na samaki changu mdogo juu yake, na pilipili ya kukaanga pembeni. Nilikuwa sijauona wali kwa wiki kadhaa, na kwa jinsi alivyoutazama, yeye vilevile.

"Karibu," akasema, kwa sababu Mswahili hali mbele ya mtu bila ya kumkaribisha, hata Fundi Cherehani. Akanawa. Akanyoosha mkono rafuni nyuma yake, akatoa kisahani kidogo, akakifuta kwa upindo wa shati. Akamega wali upande mmoja wa sinia, akautia kwenye kisahani pamoja na mkia wa samaki, akakisukuma mbele yangu, mbali na sinia. Hakukusudia kitu. Alifanya kama dada yangu, kama shangazi, kama watu wote. Na nilipokiona kile kisahani ndipo nilipomchukia kweli, kuliko kwa yale yote aliyonieleza.

Nikanawa mkono wangu wa kushoto, nikausugua vizuri mbele yake. Kisha nikautia katikati ya sinia.

Tonge lake lilikuwa limeshafika nusu ya njia. Likabaki hapo. "Kigutu," akasema.

"Zuhura," nikasema. "Karibu, Fundi. Tule."

Alilirudisha tonge chini. Nikakusanya wali kwa vidole vinne, nikasukuma kwa gumba, nikala. Nikala tena. Nilimmalizia samaki upande mmoja, nikamgeuza, nikala wa pili, miiba nikaitoa bila ya haraka. Yeye alikuwa akiufuata mkono wangu kwa lile jicho lake zima, kutoka siniani hadi mdomoni na kurudi, kama alivyokuwa akifanya kwenye khitma za watu. Nilipokaribia kumaliza nilikichukua kile kisahani, nikakisukuma upande wake.

Alikaa nacho muda mrefu. Kisha akakivuta karibu, akageuka pembeni kidogo, akala.